Kuwa muuguzi wa chumba cha dharura Uganda: njia, makaratasi na kazi yenyewe

Uganda huanzi kwa kusomea dharura. Unaanza kwa kuwa muuguzi wa kawaida, unasajiliwa, unapata leseni, kisha unatafuta njia ya kufika kwenye mlango ule ambao bodaboda hushusha majeruhi saa nane za usiku na mama huingia mbio na mtoto mwenye degedege. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo kwa mpangilio, ila unakaa zaidi pale wengi wanapokwama: kuchagua chuo, makaratasi, na dakika kumi za kwanza za mgonjwa.

Kuingia: cheti, diploma au digrii

Ngazi ya chini ni cheti, miaka miwili na nusu. Unahitaji UCE, mtihani wa Senior Four, ukiwa umefaulu Kiingereza, hesabu, biolojia, kemia na fizikia. Fizikia ndiyo huwaangusha wengi, kwa sababu mwanafunzi anayejiona muuguzi tangu Senior Two huipuuza akidhani biolojia itambeba. Waliofanya UCE kuanzia 2024 wana madaraja ya herufi ya mtaala mpya, waliowatangulia wana namba. Ukisoma tangazo la chuo, tafuta mstari unaohusu mwaka wako.

Diploma huchukua miaka mitatu kwa anayetoka Senior Six na UACE (mtihani wa Senior Six) ya sayansi, na mwaka mmoja na nusu kwa mwenye cheti anayepanda ngazi. Digrii ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini. Makerere walianza digrii ya uuguzi mwaka 1993. Leo inatolewa pia Mbarara (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia), Uganda Christian University ya Mukono, Aga Khan na kwingineko.

Ushauri wetu: ukiwa na UACE inayokubalika, nenda diploma moja kwa moja. Cheti kinaonekana rahisi mwanzoni, lakini ukijumlisha ada ya kupanda ngazi baadaye, na mshahara mdogo wa miaka ya katikati, mara nyingi umelipa zaidi. Kama una UCE tu na fedha ni za kuokoteza, cheti ni mlango halali kabisa. Wapo wauguzi wa cheti ambao madaktari wapya hujifunzia kwao kutoboa mshipa wa mtoto aliyekauka maji.

Chuo: uliza maswali haya kabla ya kulipa chochote

Swali la kwanza ni kama chuo kinatambuliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, UNMC. Usiridhike na bango la barabarani wala cheti kilichotundikwa ofisini. Nenda UNMC, au piga simu, utaje jina la chuo na kozi. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha ukunga na kisiwe nacho cha uuguzi. Kila mwanafunzi lazima pia aorodheshwe na UNMC mapema katika masomo yake. Vyuo vingine hukusanya fedha za kuorodhesha na kuchelewa kuzipeleka, na unakuja kujua mwaka wa mwisho wakati jina lako halionekani. Omba namba yako na uione kwa macho.

Swali la pili: mazoezi hufanyika hospitali gani, na mwanafunzi hupata wiki ngapi katika chumba cha dharura? Kwa anayetaka kazi hii, jibu hilo lina uzito kuliko uzuri wa majengo. Vyuo vilivyoshikamana na hospitali zenye wagonjwa wengi, kama vya Mulago, Lacor, Nsambya, Rubaga na Mengo, hukupa mikono mapema. Chuo kisicho na hospitali yake kinaweza kuwapeleka wanafunzi hamsini kwenye wodi moja, nanyi mkashinda kutwa mkimtazama sista mmoja akifunga dripu.

Bajeti isiishie kwenye ada. Weka sare, viatu vilivyofungwa, saa yenye mshale wa sekunde, vitabu vya kumbukumbu za mazoezi, ada ya mitihani (iliyokuwa ya UNMEB, bodi ya mitihani ya wauguzi na wakunga, na ambayo sasa iko chini ya UHPAB, bodi ya mitihani ya taaluma za afya, baada ya sheria ya mwaka 2025), nauli ya mazoezi ya vijijini, na chanjo ya homa ya ini B. Chanjo hiyo ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Ianze kabla hujashika sindano ya kwanza wodini.

Makaratasi

Ukifaulu, unapeleka vyeti UNMC ili uandikishwe (ngazi ya cheti) au usajiliwe (diploma na digrii), halafu unaomba leseni ya kutenda kazi. Hivi ni vitu viwili. Usajili unasema wewe ni nani. Leseni inakuruhusu kugusa mgonjwa, nayo huisha na huhuishwa kwa kuonyesha mafunzo endelevu. Tunza karatasi za kila semina, hata ile ya nusu siku kuhusu kunawa mikono.

Kinachochelewesha watu zaidi ya mtihani ni majina. Kitambulisho cha taifa kinasema Nakato Sarah, UCE inasema Nakatto Sarah, cheti cha chuo kimeongeza jina la mume. Rekebisha mapema, ungali mwanafunzi, kwa kiapo cha mwanasheria na marekebisho ya NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Ukingoja hadi nafasi ya kazi itangazwe, tangazo litafungwa ukiwa bado kwenye foleni.

Waliosoma nje, wakiwemo ndugu wengi kutoka Kongo waliopo kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali na jijini Kampala, wana hatua za ziada. Cheti cha sekondari hulinganishwa na UNEB (bodi ya mitihani ya taifa), cha chuo kikuu hulinganishwa na NCHE (baraza la elimu ya juu), kisha UNMC huangalia sifa zako za uuguzi. Nyaraka za Kifaransa zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika, na tafsiri iambatane na nakala halisi. Kiingereza cha kazini nacho kifanyie mazoezi mapema, kwa sababu faili, dozi na ripoti zote huandikwa kwa Kiingereza.

Kupata nafasi kwenye chumba cha dharura

Ajira ya serikali ina milango miwili mikuu: Tume ya Huduma za Afya kwa hospitali za rufaa za taifa na za mikoa, na tume ya ajira ya wilaya kwa hospitali za wilaya na vituo vya afya. Hospitali za misheni na za binafsi huajiri zenyewe. Tangazo likisema "muuguzi" bila kutaja idara, ukishaajiriwa msimamizi wa wauguzi ndiye hukupanga. Mwambie mapema, kwa maandishi, kwamba unaomba dharura. Ni wodi ambayo wengi huikwepa, kwa hiyo ombi kama hilo husikilizwa.

Usidharau kituo cha afya cha ngazi ya nne kilicho kando ya barabara kuu. Pale daktari ni mmoja, usiku unaweza kuwa peke yako na mkunga, na utajifunza kupanga wagonjwa haraka kuliko aliye kwenye hospitali yenye madaktari kumi.

Kozi ya kutafuta kabla ya nyingine zote ni ile ya msingi ya huduma ya dharura ya Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa, maarufu kama BEC. Ni siku tano, inafundisha majeraha, shida ya kupumua, mshtuko wa mwili na kupoteza fahamu, na Uganda ni miongoni mwa nchi ilikojaribiwa kabla ya kuenea. Ya pili ni ETAT, ya kupanga na kutibu watoto mahututi. Ukiwa na hizo mbili, usaili unakuwa mwepesi, maana swali la kawaida ni "mgonjwa ameletwa hana fahamu, utafanya nini kwanza?" Anayeanza kwa "nitamwita daktari" huanguka. Anayesema "naita msaada huku nafungua njia ya hewa" anaendelea.

Kabla mgonjwa hajafika

Dakika kumi za kwanza za zamu ni za vifaa. Shika mfuko wa kupulizia hewa, ziba mdomo wake kwa kiganja na uubonyeze: ukihisi upinzani, vali ni nzima, ukibonyea kirahisi, hewa inavuja. Angalia kama upo wa mtoto, na kama barakoa zake hazijachukuliwa na wodi ya uzazi. Washa mashine ya kunyonya makohozi, kunja mpira, tazama kama mshale wa shinikizo unapanda. Mashine ya oksijeni inahitaji dakika kadhaa kabla ya kutoa oksijeni ya nguvu kamili, basi usingoje mgonjwa abadilike rangi ndipo uiwashe. Umeme ukikatika inazimika. Mtungi wa akiba uwe na ufunguo wake hapohapo, si kabatini kwa msimamizi aliyekwenda nyumbani.

Kwenye toroli hesabu adrenalini, atropini, dextrose 50%, diazepamu, haidrokotisoni, salbutamoli, magnesiamu na kalsiamu glukoneti. Angalia tarehe za vijiti vya kupimia sukari. Kanula zipangwe kwa rangi: kijivu (16) na kijani (18) kwa aliyepoteza damu, waridi (20) kwa mtu mzima wa kawaida, buluu (22) na njano (24) kwa watoto. Tochi iwe na betri.

Nani aanze

Foleni ya hospitali hufuata aliyefika mapema. Chumba cha dharura hakifuati hivyo, na hapo ndipo ugomvi na ndugu wa wagonjwa huanzia. Vituo vingi hutumia rangi: nyekundu sasa hivi, njano haraka, kijani asubiri. Chombo cha pamoja cha Shirika la Afya Duniani, Msalaba Mwekundu wa Kimataifa na MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) kina karatasi mbili, moja ya miaka 12 na kuendelea, nyingine ya chini ya hapo. Usitumie ya wakubwa kwa mtoto. Mapigo 140 kwa mtoto mchanga ni ya kawaida, kwa dereva wa lori ni hatari.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kumpa nyekundu anayepiga kelele na kumwacha aliyenyamaza. Mwenye kelele ana hewa. Yule aliyetulia pembeni, jasho la baridi usoni, ndiye wa kukimbilia. La pili ni kupanga mara moja na kusahau. Pita tena kwenye benchi kila baada ya muda, maana wa njano wa saa mbili anaweza kuwa mwekundu saa tatu.

Waeleze ndugu kwa maneno machache. "Mzee, mama yako tumemwona, presha yake iko sawa, tunamtazama. Huyu hapumui, ndiyo maana tumeanza naye." Sentensi kama hiyo huzuia nusu ya makelele.

Mpangilio wa kumwona mgonjwa mahututi

Hewa, kupumua, damu, fahamu, kisha mwili mzima. Mpangilio huu hauruki hatua, na unaporekebisha tatizo unaanza upya kutoka hewa.

Njia ya hewa: kama kuna jeraha, sukuma taya mbele bila kukunja shingo. Kupumua: hesabu kwa dakika nzima. Kuandika "20" kwa kila mgonjwa ni ugonjwa wa wodi nyingi, nao huua, kwa sababu kasi ya kupumua hupanda mapema, presha ikiwa bado nzuri. Oksijeni mwilini ikiwa chini ya 90%, anza kumpa bila kungoja. Damu: bonyeza kidonda kwa mkono, usirundike bandeji moja juu ya nyingine, zilizorundikana hunywa damu na kuficha kinachoendelea. Bonyeza ukucha na uachie: rangi ikichelewa zaidi ya sekunde tatu, mzunguko wa damu una shida. Fahamu: je, yuko macho, anaitika kwa sauti, anaitika kwa maumivu, au haitiki? Na kila aliyepungukiwa fahamu apimwe sukari, hata ananuka pombe, hata umeambiwa ni kifafa. Mwisho vua nguo, geuza mgongo, tazama, kisha funika. Mtu aliyepoteza damu akipoa, damu yake haigandi vizuri.

Mtoto wa kilo kumi mwenye malaria kali

Tunamchukua huyu kwa undani kwa sababu atakuja, Busoga, Teso au West Nile, mvua zikishanyesha. Mpime kwa mizani, usikisie. Kama bado anatetemeka, diazepamu ya njia ya haja kubwa ni miligramu 0.5 kwa kilo: miligramu 5, yaani mililita 1 ya ampuli ya miligramu 10 katika mililita 2. Kaa ukitazama pumzi yake.

Sukari ikiwa chini, anahitaji dextrose 10%, mililita 5 kwa kilo. Stoo ina 50% tu, hivyo vuta mililita 10 uchanganye na mililita 40 za maji ya sindano: umepata 50 za asilimia 10, kiasi chake hasa. Kutoa ile ya 50% kama ilivyo kwenye mshipa mdogo huuchoma. Pima tena baada ya nusu saa.

Atesunati: chupa ya miligramu 60, mimina mililita 1 ya bikaboneti inayokuja nayo, tikisa hadi iwe angavu kabisa, kisha ongeza mililita 5 za salini. Sasa kila mililita ina miligramu 10. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo, kuanzia kilo 20 ni 2.4. Huyu anapata miligramu 30, mililita 3 polepole mshipani, na tena baada ya saa 12 na 24. Ya kuchoma msulini huchanganywa na salini mililita 2, kwa hiyo kila mililita ina miligramu 20. Aliyechanganya kwa njia moja akapima kwa njia nyingine amempa mtoto nusu ya dawa au mara mbili. Andika juu ya chupa umechanganya vipi na saa ngapi; baada ya saa moja imwagwe.

Dripu: hapa tabia ya zamani ni ngumu kuiacha. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011 na kufanyika Kenya, Tanzania na Uganda (Mulago, Mbale, Soroti na Lacor), ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi: karibu 10 au 11 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 wasiomiminiwa. Kuhara kulikokausha mtoto ni habari nyingine, na kuna mpango wake. Lakini kufungua dripu wazi kwa kila mtoto mwenye homa na mikono baridi si msaada. Tazama kiganja, kama ni cheupe, tafuta damu ya kumwongezea.

Majeruhi wa boda, sumu, na mjamzito mwenye degedege

Boda: kofia huvuliwa na watu wawili, mmoja akishika shingo. Kanula mbili nene, na damu ya kupima kundi itolewe hapohapo kabla dripu haijafungwa. Nyonga iliyovunjika ifungwe kwa shuka au kitenge kilichokunjwa, usawa wa vichwa vya mapaja, siyo kiunoni. Asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika kumi, ina faida ndani ya saa tatu tangu ajali. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Ndiyo sababu saa ya ajali iandikwe mapema kuliko namba ya pikipiki.

Sumu ya dawa za shamba: vaa glavu, vua nguo za mgonjwa, mwoshe. Dozi ya atropini huzidishwa mara mbili kila dakika tano hadi kifua kikauke. Wengi husimamisha dawa mara mboni zinapopanuka, na hilo ni kosa, sikiliza mapafu.

Degedege kwa mjamzito: ita mkunga. Magnesiamu ya 50%, chukua mililita 8 (gramu 4), ongeza mililita 12 za maji ya sindano, toa polepole mshipani, halafu gramu 5 kila tako. Kabla ya dozi inayofuata angalia goti linaruka, pumzi si chini ya 16, na mkojo unatoka. Kalsiamu glukoneti iwe karibu.

Dozi zote hizi zilinganishwe na mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya uliopo kituoni kwako, na maelekezo ya daktari.

Lugha, maandishi na polisi

Kiswahili ni chombo cha kazi hapa. Dereva wa lori wa Malaba au Mutukula, askari, mkimbizi wa Bundibugyo, wote wanaweza kukosa Luganda na Kiingereza kwa pamoja. Maswali sita yanatosha mwanzoni: unasikia nini, kuna dawa inayokudhuru, unatumia dawa gani, una ugonjwa gani wa zamani, umekula saa ngapi mwisho, na nini kilitokea.

Andika ulichokiona. "Amelewa" ni hukumu, "ananuka pombe, anajibu akiitwa, sukari 5.1" ni taarifa, na itakulinda siku faili likienda mahakamani. Aliyepigwa huhitaji fomu ya polisi PF3, aliyebakwa PF3A, lakini fomu haitangulii matibabu. Aliyebakwa apate dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72. Akirudishwa kituo cha polisi kwanza, saa hizo ndizo zinazoliwa.

Kujilinda

Ukijichoma sindano, osha kwa sabuni na maji, usikamue, toa taarifa zamu hiyohiyo, anza dawa za kuzuia VVU mapema, ndani ya saa 72, na umalize siku 28. Wanaoficha kwa aibu ndio tunaowasikitikia.

Na barakoa na glavu zivaliwe kabla ya kujua ugonjwa. Ebola iliyotangazwa Kampala tarehe 30 Januari 2025, mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa muuguzi. Katika Ebola ya Gulu mwaka 2000, wauguzi wa hospitali ya Lacor walikufa pamoja na mganga mkuu wao, Dkt. Matthew Lukwiya. Homa pamoja na kutokwa damu, au homa pamoja na msiba wa karibuni nyumbani: mtenge, piga simu kwa ofisi ya afya ya wilaya, kisha endelea kumhudumia ukiwa umevaa.

Baada ya miaka miwili mitatu

Panda ngazi huku ukifanya kazi. Kozi za kupanda ngazi huchukua mwaka mmoja na nusu na zinahitaji barua ya ruhusa ya mwajiri, iombe mapema. Hospitali ya Karoli Lwanga ya Nyakibale, Rukungiri, ilianza miaka ya mwisho ya 2000 kuwafundisha wauguzi kuongoza huduma ya dharura pale ambapo daktari hayupo, na baadaye mafunzo hayo yakafika Masaka. Mbarara na Makerere sasa wanafundisha madaktari bingwa wa dharura. Wanapokuja kwenye hospitali yako, omba kufanya nao zamu na omba wakusahihishe kitandani, mgonjwa akiwepo.